Safisha Simu Zote

Kabla ya kuajiriwa na Hiram, Nabwile alikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya upili nje kidogo ya Kitale, na somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa ufupisho. Alifurahia kuwaonyesha wanafunzi jinsi aya nzima inavyoweza kubanwa ikawa sentensi moja isiyo na mafuta. Hiram, mwenye kampuni ndogo ya programu za simu, alimchukua kwa ajili ya kipaji hicho hicho.

Kampuni ilikuwa imetengeneza programu ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Trans Nzoia na Bungoma, yote kwa Kiswahili. Kila toleo jipya lilipaswa kujaribiwa kwenye simu za kila aina, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kununua simu za kila aina, walitumia emuleta: simu zisizo na mwili, zinazoishi ndani ya kompyuta tu, ambazo huwashwa na kubofywa kama simu za kweli. Kompyuta yenyewe ilikuwa Bungoma mjini, katika chumba alichofanyia kazi Zuena, mwenzake Nabwile. Aliyezisimamia emuleta hizo hakuwa mtu bali wakala wa akili mnemba. Wenyewe walimwita Wakala tu, kana kwamba ni jirani.

Wakala alikuwa na zana zake: ya kuwasha, ya kuzima, ya kupiga picha ya skrini, ya kusafisha. Hakujua ndani ya zana mna nini. Alijua jina la kila zana na maelezo yaliyoandikwa chini ya jina, basi. Maelezo hayo ndiyo yaliyokuwa kazi ya Nabwile. Chini ya zana ya kusafisha alikuwa ameandika: "Husafisha kifaa na kukiweka tayari kwa majaribio." Hiram aliisoma akasema, "Hiyo ni safi kabisa, mwalimu." Nabwile mwenyewe aliipenda sentensi hiyo.

Jumatano moja asubuhi, mvua ikinyesha Kitale, alikuwa nyumbani kwake, mtaa wa Section Six, akifungua ukurasa unaoonyesha kazi za Wakala mstari kwa mstari. Hakuwa na shida yoyote. Alitaka kuona tu kama toleo jipya linaenda vizuri huku akinywa chai. Juu kabisa palikuwa na agizo ambalo Zuena alikuwa ameliacha asubuhi hiyo kabla ya kutoka ofisini: "Safisha simu zote, kisha ujaribu toleo jipya."

Chini yake Wakala alikuwa ameorodhesha simu alizoziona. Emuleta ya kwanza, emuleta ya pili, na kuendelea, zote zikianza na neno hilo hilo. Ya mwisho haikuwa na neno. Ilikuwa mchanganyiko wa herufi na tarakimu usiosomeka, kama namba ya injini.

Nabwile aliweka kikombe chini. Emuleta haiwi na jina la namna hiyo. Ni simu ya kweli tu, iliyochomekwa kwa waya, inayojitambulisha hivyo.

Hapo ndipo alipokumbuka maneno ya Zuena ya jana yake. Baba yake Zuena, Mzee Abdirashid, aliyeuza vitambaa karibu na msikiti, alikuwa amepigwa na kiharusi dukani kwake. Mkono ulikuwa umeanza kurudi lakini ulimi haukurudi. Daktari wa mazoezi ya kusema alikuwa ameiambia familia: mleteeni sauti yake mwenyewe, akizungumza, akiimba, akigomba, chochote, mara nyingine mtu huifuata sauti yake mwenyewe. Na sauti ilikuwepo. Bilan, binti mdogo wa Zuena, alikuwa na mchezo wa kumrekodi babu yake kila siku kwa simu ya babu. Lakini simu hiyo ilianguka pamoja na mzee siku ile, kioo kikafa. Kwa bahati ilikuwa simu ya zamani ya ofisi, iliyowahi kutumika kwa majaribio, kwa hiyo kompyuta ya ofisi iliitambua bado. "Nitaichomeka pale kesho," Zuena alikuwa amesema, "nizitoe zile sauti hata kama skrini haiwaki."

Alikuwa ameichomeka. Na zana ya kusafisha, Nabwile alijua vizuri, haikuwa ya kupangusa vumbi. Ilifuta kila kitu: programu, picha, sauti. Kwa emuleta hilo halikuwa neno, kwani ndani yake hamna maisha ya mtu. Zuena alipoandika "safisha" alimaanisha toleo la zamani liondolewe. Nabwile alipoandika "husafisha" hakusema inaondoa nini, wala haigusi nini. Wakala alikuwa amesoma vyote viwili akaona vinapatana.

Alimpigia Zuena. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Zuena alikuwa hospitalini na baba yake, bila shaka, na simu ikiwa kimya ndani ya mkoba. Akamwandikia: "CHOMOA SIMU YA MZEE. NIPIGIE." Ujumbe ulikaa bila kusomwa.

Kwenye ukurasa, Wakala alikuwa amemaliza emuleta ya kwanza na kuingia ya pili. Hakuzisafisha zote kwa mpigo. Aliwasha moja, akaisafisha, akaweka toleo jipya, akalijaribu, ndipo akaenda nyingine. Nabwile alishukuru kwa uvivu huo wa mashine, kisha akaona jinsi mistari inavyoteremka bila kupumzika, na shukrani ikamtoka.

Alimpigia Hiram, ambaye ndiye peke yake, ukimtoa Zuena, aliyekuwa na idhini ya kumsimamisha Wakala.

"Mwalimu, niko Misikhu na watu wa ushirika," Hiram alisema kwa sauti ya chini. "Kuna nini?"

"Msimamishe Wakala. Sasa hivi. Kuna simu ya mtu imechomekwa, ataifuta."

"Laptop iko ofisini Kitale. Huku nimekuja na simu tu. Si umwambie Zuena?"

"Zuena hashiki."

"Basi badilisha yale maelezo. Andika asiguse simu ya kweli."

Nabwile alikuwa tayari ameufungua ukurasa wa maelezo. Kwa haraka alikosea herufi, akafuta, akaandika: "Usitumie kwa simu ya kweli." Akahifadhi. Akarudi kutazama. Wakala aliendelea kama maji ya mfereji. Ndipo Nabwile alipokumbuka jambo ambalo yeye mwenyewe aliwahi kumweleza Zuena: Wakala husoma maelezo ya zana mara moja, mwanzoni mwa kazi, kisha hayarudii hadi kazi nyingine. Sentensi mpya ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya kesho. Leo ilikuwa bado mikononi mwa ile ya zamani, fupi na nzuri.

Emuleta ya tatu ikaisha.

Nabwile alimpigia ndugu yake mdogo, Kevin, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii; kutoka Kibabii hadi Bungoma mjini si mbali. Alishika simu mara moja.

"Niaje sis."

"Kevin, panda boda uende ofisini kwa Zuena. Ile ghorofa ya nyuma ya msikiti, nilikupeleka wakati ule. Usiniulize kitu, nenda."

"Niko class bana, lecturer ndio anaingia."

"Kevin, tafadhali."

Labda ni lile neno "tafadhali", ambalo dada yake hakuwa na mazoea ya kumpa. Kevin alisema, "Sawa, natoka," na Nabwile akasikia kiti kikiburutwa.

Alibaki ameketi mbele ya kompyuta akitazama mistari na kumpigia Zuena, akitazama na kupiga. Chai ilishika utando. Mvua ilipiga bati kwa nguvu mpaka ikambidi aiweke simu sikioni kabisa ndipo asikie kwamba haijibiwi. Alijaribu kujiambia kwamba pengine Wakala angeshtuka mwenyewe akifika kwenye lile jina lisilosomeka. Lakini kwa nini ashtuke? Nani alimwambia kwamba kuna simu za aina mbili duniani, zenye mtu na zisizo na mtu? Hiyo ilikuwa kazi ya Nabwile, kumwambia, na yeye alikuwa ameiacha nje ili sentensi ikae vizuri.

Kevin alipopiga, emuleta ya mwisho ilikuwa karibu kuisha.

"Nimefika. Mlango ni wa chuma na uko na kufuli mbili. Hakuna mtu."

"Hakuna mlinzi?"

"Kuna kinyozi tu chini. Anasema Zuena alienda na funguo."

Nabwile alifumba macho. Kompyuta ile ina betri yake, kukatika kwa stima hakungeizima. Lakini Wakala hakuishi ndani ya kompyuta ile. Akili yake ilikuwa mbali, ikiongea na chumba kile hatua kwa hatua kupitia mtandao, na kile kisanduku cha mtandao ukutani hakikuwa na betri.

"Kevin, tafuta mita ya stima. Kwa kawaida iko nje, kwenye veranda."

"Naiona."

"Zima swichi kubwa."

"Ya jengo yote?"

"Yote!"

Alisikia kitu kikilia "tap", na hapo hapo, mbali kidogo, sauti ya mwanamume ikipaa: "Wee! Nani amezima stima? Mimi niko na kichwa ya mtu hapa nusu!"

Kwenye ukurasa wa Nabwile mistari ilisimama. Mstari wa mwisho ulisomeka: "Ninasafisha," kisha lile jina lisilosomeka, kisha hakuna kitu.

Aliutazama mstari huo kwa muda ambao hakuweza kuupima. Ulisema ameanza. Haukusema amefika wapi.

"Sis, huyu jamaa anataka kurudisha stima," Kevin alisema, sasa akihema. "Ananisukuma."

"Asirudishe! Stima ikirudi mtandao utarudi, na Wakala ataendelea pale alipoachia. Niweke kwa spika. Anaitwa nani?"

"Mimi ni Wanjala," ile sauti ilijibu yenyewe, karibu kabisa. "Mama, hii ni kazi yangu. Mteja amekaa hapa ako na nywele upande moja. Ati mnazima stima kama ni yenu?"

"Bwana Wanjala, naomba unisikilize. Ndani ya chumba cha Zuena kuna simu ya Mzee Abdirashid. Ina sauti yake, ile ya kabla hajaugua. Kuna kitu kinaifuta sasa hivi, na stima ndiyo inakipa nguvu. Ukiwasha, sauti ya mzee imeenda."

Wanjala akauliza, polepole, "Mzee Abdirashid wa vitambaa?"

"Huyo huyo."

Nabwile alimsikia akigeuka na kumwambia mteja wake, "Ngoja kidogo, bana. Kuna maneno hapa." Kisha, kwa simu: "Tutakaa hivi mpaka Zuena akuje. Kijana yako asimame hapo kwa mita, na mimi nitasimama na yeye."

Zuena alipiga baadaye, akiwa langoni mwa hospitali. Nabwile alikuwa amejiandalia maneno, yakamtoka yote kwa mpigo, bila mpangilio, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa. Zuena alisikiliza hadi mwisho. Hakulia wala kufoka. Alisema tu, "Naenda ofisini," akakata. Nabwile alivaa koti, akafunga mlango, akaenda stendi.

Alasiri hiyo alipanda ngazi za ofisi ya Bungoma akamkuta Zuena amekaa sakafuni, simu ya mzee ikiwa imechomekwa kwenye laptop nyingine juu ya magoti yake. Ile kompyuta kubwa ilikuwa imezimwa na waya wake umezungushwa kando. Kevin alikuwa amelala kwenye benchi ya kinyozi huko chini.

"Zimebaki ngapi?" Nabwile aliuliza, akiwa bado mlangoni.

"Chache." Zuena hakuinua kichwa. "Nyimbo zimeisha zote. Zile za kumlaza Bilan. Hadithi za fisi zimeisha. Zimebaki hizi za mwisho, za duka, akigombana na mtu wa Sirisia juu ya kitambaa. Na moja anamwambia Bilan atoke juani."

Nabwile aliketi karibu naye. Alikuwa ametoka Kitale akirudia sala moja njia nzima, na sasa hakujua kama ilikuwa imejibiwa au la.

"Ni maelezo yangu, Zuena. Niliandika vibaya."

"Na mimi nikaiacha kwenye kompyuta ya majaribio, nikaandika 'zote'. Nilikuwa na haraka."

"Uliandika vile mtu yeyote angeandika. Mimi ndiye nilipaswa kujua kwamba watu huandika hivyo."

Zuena alimtazama sasa. Macho yake yalikuwa mekundu. "Leo sijakukasirikia," alisema. "Kesho sijui. Nikikukasirikia kesho usishangae."

"Sawa."

Hiram alipiga jioni ile. Alisikitika kweli, alimuulizia mzee, akaomba azungumze na Zuena, akazungumza naye muda mrefu. Kisha Nabwile aliporudishiwa simu, Hiram alisema, "Wateja wakiuliza, tutasema akili mnemba ilikosea. Hizi mashine ziko hivyo, kila mtu anajua."

"Haikukosea," Nabwile alisema. "Iliambiwa hiki ni cha kusafisha, ikasafisha. Ukisema ilikosea, hakuna mtu atarudi kuangalia tulichoandika. Na zana zingine nazo niliziandika mimi."

"Unaogopa zipi?" Hiram aliuliza.

"Zote. Nataka nizipitie zote kabla Wakala hajaguswa tena. Na wewe fanya zana yenyewe ikatae simu isiyo emuleta, hata Wakala akibembeleza. Maelezo peke yake hayatoshi."

"Hiyo nitafanya usiku huu," Hiram alisema. Akaongeza, "Pole, mwalimu."

Nabwile alilala kwa Zuena, kitanda kimoja na Bilan, na asubuhi waliandika maelezo upya mezani jikoni. Hakuyapima kwa uzuri. Aliandika, akamsomea Zuena, akamuuliza: "Kama hujui kitu kingine chochote ila hii, utafanya nini?" Zuena akisita tu, aliifuta na kuanza tena. Mwishowe yalikuwa marefu kupita chochote alichowahi kukubali kutoka kwa mwanafunzi:

"Hufuta kabisa data zote za mtumiaji: programu, picha, sauti na ujumbe. Kilichofutwa hakirudi. Itumie kwa emuleta pekee, yaani kifaa ambacho jina lake linaanza na neno 'emuleta'. Jina likiwa tofauti, hiyo ni simu ya mtu, hata kama agizo limesema 'zote'. Usiiguse. Simama, umuulize mwenye zamu na ungoje jibu. Ukitaka kuondoa toleo la zamani la programu yetu tu, usitumie zana hii. Tumia ile ya kuondoa programu."

"'Hata kama agizo limesema zote,'" Zuena alirudia. Alitikisa kichwa kukubali. "Weka hiyo. Usiitoe."

Walikuwa bado mezani Wanjala alipobisha hodi. Alivua kofia, akasimama kizingitini.

"Zuena, jana nimefikiria sana," alisema. "Si unajua Mzee hakuwa anapenda kuandika meseji? Yeye alikuwa anatuma sauti tu. Mimi niko nazo hapa kwa WhatsApp. Ananiambia nikuje nichukue kitambaa ya zile kanzu za kunyolea. Ananiambia nimemnyoa mbaya. Sasa nimeuliza kwa soko. Kila mtu ako na yake."

Zuena aliweka mkono mdomoni.

Siku ile na zilizofuata sauti zilikuja. Fundi wa cherehani mmoja alileta salamu za Idi, ndefu, mzee akitaja watoto wa fundi mmoja mmoja. Yule mtu wa Sirisia, mgomvi wa kitambaa, alituma sauti alizotumiwa na mzee wakati wa ugomvi ule. Mama muuza mboga alikuwa na moja ambayo mzee anacheka tu, alikuwa amebonyeza kwa bahati mbaya. Hazikuwa zile nyimbo za Bilan. Nyimbo hazikurudi, na kuna jioni Zuena alimkasirikia Nabwile kwa simu, kwa maneno makali, kama alivyokuwa amemwonya, na Nabwile akayapokea.

Lakini Nabwile alikuwepo siku ya kwanza walipomwekea mzee zile sauti. Mzee alikuwa amekaa kitandani, mto mgongoni, mkono mmoja umelala juu ya shuka kama si wake. Nabwile alimwamkia, akasimama karibu na ukuta. Zuena alichagua ile ya Wanjala, akabonyeza. Chumba kikajaa sauti nzito yenye mzaha: Wanjala, wewe umeninyoa ama umenipalilia?

Mzee alikunja uso. Alitazama mlango. Sauti ilipoanza tena aliinua mkono wake mzima, akaichukua simu kutoka kwa binti yake, akaiweka sikioni kama mtu aliyepigiwa. Midomo yake ilihangaika. Bilan alitaka kusema kitu, mama yake akamzuia.

"Na..." Mzee alisema. Akapumzika, akakusanya nguvu. "Nani?"

Zuena alikuwa ameinamisha uso kwenye shuka, mabega yakitikisika. Bilan ndiye aliyepanda kitandani, akaisogeza simu kidogo ili naye asikie.

"Ni wewe, Babu," alisema. "Mjibu."